Bustani ya majani matupu ya Mama Eliya wa Kibiti, na masale ya getini

Wakuu, habari za humu.

Hii naiandika bila chumvi. Nimekaa nayo kifuani tangu enzi za ruksa na imenichosha. Anayetafuta cha kuchekesha aende nyuzi nyingine, leo sina.

Mimi ni Mndengereko wa Ruaruke. Kazi ya bustani nilijifunza Dar kwenye majumba ya wakubwa, kisha nikarudi kwetu. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, mitumba inaingia, na kila aliyeezeka bati jipya pale Kibiti alitaka bustani.

Style yangu ilikuwa moja. Sipandi kitu kabla sijakaa na client, nikanywa chai yake na kumsikiliza. Mtu wa makuu nilimpa kroton za rangi zote. Mtu wa mzaha nilimpa majani ya madoadoa. Usinicheke, ilikuwa inafanya kazi.

Sasa Mama Eliya.

Alikuwa nesi mstaafu, mjane, Mchagga. Alifanya kazi Utete miaka mingi, akajenga Kibiti badala ya kurudi Moshi. Watu walimwogopa. Ukimchelewesha mtoto kliniki alikuwa anakusema mpaka unatamani ardhi ipasuke.

"Sitaki ua hata moja," aliniambia. "Ua linakuchekea leo, kesho limenyauka. Nipandie majani."

Nikamwelewa. Nikampigia mistari iliyonyooka, majani magumu yaliyosimama wima, kijani iliyokolea. Kivulini nikaweka yale mapana kama ya magimbi. Hakuna kinachotambaa wala kujipinda.

Akaizunguka yote, akasema, "Hii ndiyo mimi." Ndiyo siku niliyoyaona meno yake.

Niwarudishe nyuma kidogo. Eliya alikuwa mwanawe wa pekee. Alipenda binti wa Chumbi, akasilimu, akamwoa, akaitwa Ilyasa. Mama yake akamwambia mbele za watu, "Mimi nimeshakuzika." Kijana akaondoka. Kibiti nzima ilijua.

Basi siku moja mama akaniletea miche ya masale kutoka Moshi, imefungwa kwenye gunia bichi. Kwa wasioyajua, ni mmea wa majani marefu tu, hauna mbwembwe.

"Haya yapande mbele, yaonekane getini," akasema. "Kwetu mtu akikukosea, akija na isale, yaani jani lake moja, mkononi, huwezi kumkatalia msamaha. Hata kama amemwaga damu. Mimi siwezi kumfuata Eliya, mimi ni mama yake. Ila akija, asikose pa kuchuma."

Roho iliniuma. Kumbe mwanamke yule wa chuma alikuwa anamsubiri mtoto.

Shida ni kwamba pale getini masika maji yanatuama. Ilibidi niinue tuta, na nafasi ilikuwa finyu, likawa refu, jembamba. Masale yakakaa huku mwisho na huku mwisho.

Nilipomaliza nikarudi nyuma kulitazama.

Upande wetu kaburi likishafukiwa, hupandwa mmea kichwani na mwingine miguuni, liwe na alama. Lile tuta lilikuwa kaburi la mtu mzima.

Nikamwambia, "Mama, niwie radhi. Kwa macho ya watu wa huku hili ni kaburi. Tuyahamishie karibu na baraza."

"Waone wanavyotaka. Mwanangu Mchagga, ataona isale."

"Mama, Eliya amekulia huku huku."

"Damu haisahau. Mwagilia."

Nani angebishana naye? Nikamwagilia.

Masale yakashika vizuri. Kila nikienda kupogoa namkuta barazani, kiti kimeelekea getini. Ananiuliza, "Yana afya?" Namjibu, "Yana afya, mama." Hakuuliza kingine. Hivyo hivyo masika hata masika.

Kisha presha ikamchukua.

Siku ya kumsafirisha kwenda kuzikwa Moshi, Ilyasa alikuja. Alisimama nje ya uzio na kanzu yake, hataki kuingia. Nikamfuata. Nikamwambia, kaka, ingia umuage mama.

"Niingie wapi?" akasema. "Nilikuja, kaka. Mke wangu alipojifungua nilimbeba mtoto nimlete kwa bibi yake. Nikafika hapa getini, barazani hakuna mtu, nikaliona kaburi langu. Alisema amenizika, sikujua kama angefika mpaka kulichimba. Nikageuza."



Nikamweleza yote. Isale ni nini, kwa nini tuta liliinuliwa, kiti cha barazani kilitazama wapi. Alinisikiliza hajapepesa jicho. Kisha akaingia, akachuma jani moja, akanigeukia nalo mkononi.

"Sasa nampa nani?"

Jeneza lilikuwa limeshapandishwa garini.

Nyumba ikauzwa. Mwenye nyumba mpya aling'oa kila kitu, akapanda mawaridi. Mimi niliendelea na kazi kwa sababu tumbo halingoji, lakini utamu wake uliisha siku ile.

Nilichojifunza ni hiki. Bustani ile ilifanana na mwenyewe mpaka jani la mwisho: imenyooka, haipindi, haijielezi. Nilimsoma mama, nikapatia. Ila aliyesubiriwa hakuwa na macho ya mama. Na wewe unayemngoja mtu aje akuombe radhi, usimpandie mafumbo mlangoni. Tuma mtu akamwambie, njoo.

Wengine mchangie mnavyojua. Lakini Wachagga mliomo humu, nina swali na naomba mnijibu kwa upole, maana Ilyasa yupo hai na bado hunipigia kuniuliza: isale likiletwa mtu ameshakufa, nani wa kulipokea?