Faili na Firigisi

Daktari aliyemchukua mume wangu hakuwa daktari. Aliigiza udaktari kwenye televisheni, Jumatatu hadi Ijumaa saa mbili usiku, na Johannesburg nzima iliacha sufuria jikoni kumwangalia akivua miwani. Kuvua miwani ndiyo ilikuwa kazi yake kubwa. Mgonjwa akifa, anavua. Mgonjwa akipona, anavua. Mimi mwenyewe nilimpenda, sitadanganya. Pale saluni Joubert Park nilipokuwa nasuka, marudio yake yakianza mchana wateja waligeuza shingo ghafla mpaka rasta zinanichomoka mikononi.

Sisi tulikaa Turffontein, karibu kabisa na uwanja wa farasi. Mimi ni mtu wa Morogoro. Mume wangu ni mtu wa huku huku, alikimbia makaburu akiwa kijana, akapita kambi za msituni katika nchi nitakayoiacha bila jina, mwisho akaletwa Morogoro pamoja na wakimbizi wenzake. Huko ndiko aliponikuta nauza maandazi. Uhuru ulipopatikana tukafungasha. Niliambiwa naenda kuishi kama mke wa mkombozi. Kufika, nakuta wakombozi ni wengi kuliko viti. Wenzake walipata magari yenye madereva, yeye akapata kazi ya kutunza stoo ya vifaa vya umeme. Watu walimuuliza, “Ulikuwa wapi miaka yote hiyo?” halafu kabla hajajibu wameshageukia mazungumzo ya mpira. Na mimi sikuuliza kabisa. Nilikuwa na watoto watatu ambao nikiwasemesha Kiswahili wananijibu Kiingereza, na vichwa vya watu vinanisubiri mjini. Historia ningeisikiliza saa ngapi?

Kila Jumapili alikuja kula kwetu rafiki yake wa kambini. Huyo mimi nilimwita shemeji. Mtu mkimya, mlinzi wa ghala, anaburuta mguu wa kushoto, na hajawahi kukosa Jumapili hata moja. Nilipika ugali na kuku. Sasa, kwetu firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Hilo halina mjadala, mtoto anayejifunza kutembea analijua. Lakini baba watoto wangu, nikishamwekea firigisi yake, anaichukua mbele ya macho yangu na kuihamishia kwenye sahani ya shemeji. Kila wiki! Nilinuna mwaka wa kwanza, nikanuna wa pili. Nikimwambia, “Baba watoto, unanidharaulia mapishi yangu,” ananijibu, “Mwache ale.” Shemeji anainama, anakula, anashukuru. Nikaona basi, wakombozi wana mambo yao.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiishi mpaka mwaka wa kumi wa uhuru, tulipokwenda madukani siku moja ya Jumamosi tukakuta Daktari mwenyewe amesimama nyuma ya meza yenye kitambaa cheupe. Hakuwa anauza kitu, eti alikuwa anawapima watu nafsi zao bure. Mimi nikaenda kupanga foleni ya nyama. Huku nyuma Daktari akamshika mume wangu mkono, akamuuliza, “Na wewe, mzee, maisha yako yamekuwaje?” Halafu akafanya kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kukifanya tangu tufike. Akasubiri jibu.

Nimerudi na mfuko wa nyama nakuta mume wangu analia hadharani na Daktari amevua miwani.

Kipimo chenyewe kilikuwa na maswali mia mbili. Je, unapata usingizi vizuri? Je, watu wanakuelewa? Ukimaliza wanakuchorea mstari, na mstari siku zote unashuka. Niliuliza kama kuna mtu aliwahi kufaulu, wakanitazama kama nimetukana. Baadaye walinipima na mimi, wakaniambia nina hasira. Ebo! Hilo hata kitinda mimba wangu angewaambia, tena bila karatasi.

Nyumba yao hao wapima nafsi ilikuwa upande wa kaskazini wa mji, kwenye miti mingi na mbwa wanene. Waliiita Nyumba tu, kana kwamba sisi wengine tunakaa kwenye mahema. Ukutani walibandika picha za watu maarufu walioponywa: bondia, mwimbaji wa injili, mrembo wa zamani, na Daktari katikati akicheka. Picha ya mtunza stoo haikuwepo. Daktari alikuwa na mlango wake na chumba chake cha kusubiria, na biskuti za chokoleti. Wagonjwa wa kawaida walipitia nyuma, na ili wajifunze unyenyekevu waliosha vyoo. Mume wangu, ambaye kwangu hajawahi kuosha hata kikombe, aliosha vyoo vya Nyumba kila Jumatano akirudi anatabasamu. Kulikuwa na ngazi saba za uponyaji. Ukifika ya saba unafunuliwa siri ya ulimwengu, na ukifika ya sita unaambiwa ujiandae kwa ya saba. Habari za pesa sitazigusa, zitanipandisha presha bure.

Tiba yenyewe waliiita kikao. Unakaa mbele ya mama mmoja mwenye sauti laini, unashika vyuma viwili vilivyounganishwa na kisanduku, unasimulia maisha yako, na yeye anaandika kwenye faili. Kisanduku kina taa. Ukiwa na siri, inawaka nyekundu.

Masikini, hawakujua wamempata mtaalamu. Kule kambini, kila aliyefika alipewa karatasi aandike maisha yake yote: wazazi, shule, nani alikuvusha mpaka. Mwezi unaofuata anaandika tena. Halafu tena. Watu wa usalama wanaweka karatasi hizo pamoja, na ole wako kama mjomba aliyekuwa fundi viatu safari hii amekuwa konda. Kwa hiyo mume wangu alikuwa ameyakariri maisha yake kama sala, na wale wa Nyumba akawapa sala hiyo hiyo neno kwa neno. Taa nyekundu. Kikao cha pili, sala ile ile, taa nyekundu. Akaenda hivyo miezi. Mama wa faili hakuwa na haraka, hiyo saburi yake ningeisifu kama ingekuwa kwenye kazi ya halali.

Siku moja ya Jumatatu akarudi kutoka kikaoni mwepesi. Alikumbatia watoto, akacheka, akaimba bafuni. Nikajisemea, loh, labda nimewaonea watu wa Mungu, dawa inafanya kazi kweli. Wiki hiyo nzima nilikuwa na mume mpya, na nitasema ukweli, nilifurahi.

Wiki iliyofuata akaanza kukonda. Hali chakula, anashtuka simu ikilia. Mwishowe akanikalisha mezani, akaniambia huku anatazama kitambaa, “Mama watoto, Nyumba wamesema wewe ni kizuizi.”

“Kizuizi cha nini?”

“Cha kupona kwangu. Kwa sababu unacheka.”

“Sasa mnataka nilie?”

“Wanataka nikakae kule. Mwisho wa mwezi nahamia bwenini kwao. Na nisiongee na wewe mpaka watakapoona inafaa.”

Miaka ishirini na moja ya ndoa, watoto watatu, nimeacha mama yangu Morogoro nimemfuata mtu mpaka kwenye baridi hii inayopasua midomo, halafu mama mwenye kalamu ananiita kizuizi! Nilisema maneno ambayo siyarudii hapa. Kisha nikaenda chumbani nikalia, kwa sababu niliona anamaanisha. Sanduku lake alikuwa ameshalishusha kutoka juu ya kabati.

Kabla ya mwisho wa mwezi Nyumba walifanya siku ya familia, ili sisi vizuizi tuone mwanga. Nilivaa kitenge changu kizito, nikaenda na nia moja tu. Daktari akapanda jukwaani, akaeleza alivyokuwa amepotea akapatikana, watu wakapiga makofi. Alipokuwa anashuka nikamvizia kwenye korido karibu na chumba chake cha biskuti.

“Daktari,” nikamwambia, “wewe ndiye uliyemleta mume wangu hapa. Mwambie arudi nyumbani.”

Alitabasamu lile tabasamu la saa mbili usiku. Nikamshika mkono wa koti. “Wewe si wanakusikiliza? Una mlango wako mwenyewe! Ungetaka, ungetoka hata leo.”

Hapo akaangalia kulia na kushoto. Kwa karibu hivyo nikaona amezeeka kuliko kwenye televisheni, na vidole vyake vinatetemeka. Akaniambia kwa sauti ya chini sana, “Mama, la mumeo ni faili moja. La kwangu limejaza kabati.”

Mpiga picha akatokea, Daktari akaniwekea mkono begani, tukapigwa picha tunacheka. Ipo mpaka leo pengine, chini yake wameandika mgeni aliyefurahi.

Nilikuwa siku zote nadhani mume wangu ameingiwa na imani. Kumbe ameingiwa na woga. Njiani kurudi, yeye akiendesha kigari chetu, tulisimama kwenye taa za barabarani, ambazo hapa wanaziita roboti, nikamuuliza, “Kuna nini kwenye faili lako?”

Roboti ikawa kijani. Hakuondoka. Wa nyuma wakapiga honi, mmoja akachungulia dirishani, “Eish, mzee, umelala?” Ikawa nyekundu tena, ikawa kijani tena, na katikati ya makelele hayo yote mume wangu akaniambia.

Kambini watu wa usalama walimwambia kwamba kuna mtu anasema uongo kwenye kundi lao. Atoe jina, la sivyo litaandikwa lake. Alikuwa na miaka ishirini na mbili. Akatoa jina la rafiki yake, akasema ana mjomba polisi. Rafiki alifungiwa kwenye kontena la chuma miezi kumi na minne. Alipotolewa mguu wa kushoto ulikuwa umeharibika, na hakuambiwa kamwe nani alimtaja.

“Shemeji?” nikauliza.

Akaitikia kwa kichwa.

“Na mama wa faili anajua.”

“Amesema nikiacha vikao atampelekea nakala. Eti kwa ajili ya uponyaji wake na yeye.”

Mimi hasira zangu huwa zinanitoka mdomoni mara moja. Siku hiyo zilinigeukia mwenyewe. Nilikuwa naona sahani. Jumapili baada ya Jumapili, ile firigisi inavuka meza, na mimi nimekaa pembeni nimenuna, mtu mzima ovyo, nadhani nadharauliwa mapishi.

Tulipofika nyumbani nikamwambia, “Jumapili utamwambia mwenyewe.”

“Siwezi.”

“Basi nenda bwenini kaoshe vyoo mpaka ufe. Mimi nitamwambia.”

Jumapili shemeji akaja kama kawaida, akavua kofia, akawasalimia watoto. Nikawatoa watoto nje. Mume wangu akasimama kabla ya kunawa mikono, akasema yote, kwa Kiswahili cha Morogoro walichojifunza pamoja, bila kujitetea. Shemeji alisikiliza anatazama bakuli la kuku. Ilipokwisha akachukua kofia yake. “Asante kwa chakula, shemeji,” akaniambia, na chakula hakukionja. Tukausikia mguu wake ukiburuta mpaka getini.

Mume wangu hakuhamia bwenini. Jumatatu hakwenda kikaoni, Jumanne simu ikalia. Mama wa faili, sauti kama asali. Alisikitika sana, alisema, ila kwa kuwa mume wangu amekatiza tiba, watalazimika kuwasiliana na rafiki yetu fulani.

“Umechelewa, dada,” nikamwambia. “Ameshasikia kutoka mdomoni kwa mwenyewe. Karatasi hizo fungieni maandazi.”

Naye akaniuliza kama nimewahi kufikiria kuja kwa ajili ya hasira zangu. Nikakata simu.

Usifikiri tulisherehekea. Jumapili iliyofuata shemeji hakuja, na ya pili hakuja. Mume wangu alikaa mezani anatazama geti. Firigisi niliipika, nikaiacha kwenye sufuria, hakuna aliyeigusa, mwishowe nikampa paka wa jirani. Jumapili ya tatu vilevile. Saluni Daktari alikuwa bado anavua miwani, wateja bado wanageuza shingo, na mimi nikawa siwezi kumcheka tena. Nilikuwa naangalia vidole vyake.

Jumapili ya nne geti likalia. Nilikuwa jikoni, nikaujua ule mguu. Akaingia, akavua kofia, akakaa kiti chake kile kile. Hakumsalimia mume wangu. Nikapakua, nikamwekea baba watoto firigisi yake kama kawaida, na yeye, kwa mazoea ya miaka, akainyanyua kuivusha.

Shemeji akafunika sahani yake kwa kiganja.

“Kula mwenyewe,” akamwambia. “Miaka kumi unanilisha firigisi. Hata siipendi.”