Sikio la Kushoto la Rhona

Rhona Gilfillan alianza kazi ya fundi wa sauti katika Shimo la Makaa nywele zake zikiwa bado nyekundu kama kutu. Ukumbi huo uko Glasgow, chini ya daraja la reli, na jina lake halina fumbo: zamani palikuwa ghala la makaa. Wakiingia watu mia na ishirini, kuta hutoka jasho. Treni ikipita juu, vumbi jeusi hudondoka ndani ya bilauri, na watu hunywa hivyo hivyo.

Kwa miaka thelathini na minne bendi zisizo na jina zilipita mikononi mwake. Alizipimia sauti, alizikaripia, alizigawia mikate yake ya soseji. Nyingine zilipata jina zikaacha kurudi. Hakuwasikitikia waliokwenda. "Hapa ni mahali pa kuanzia," alisema. "Nani anaishi mlangoni?"

Alikuwa na siri: sikio la kushoto lilikuwa limekufa. Mwaka wa pili sasa lilikuwa kiziwi kama jiwe, naye alifanya kazi kwa sikio la kulia na kwa kiganja, akikibandika juu ya meza ya mtambo wa sauti ili asikie besi kupitia mbao. Wiki iliyopita spika ya kushoto ilizimika wimbo mzima, asijue. Lachie, mwenye ukumbi, alimwita pembeni.

"Rho, dada yangu, nakupenda. Lakini kosa moja tena, naleta fundi mwingine."

"Leta. Atakimbia akiona choo."

Alicheka, ila usiku ule hakulala.

Jambo jingine ambalo hakumwambia mtu ila daktari ni hili: tangu Septemba, sikio lililokufa lilikuwa likiimba. Daima wimbo ule ule. Gitaa la taratibu, ngoma zinazosita, sauti ya msichana. Ubeti wa kwanza, ubeti wa pili, kisha msichana anashusha sauti hadi mnong'ono, anasema "Nisubirini—" na hapo hukatika. Tap! kama kijiti kilichovunjwa. Halafu kimya, na maji yanadondoka mahali fulani. Daktari alimwambia kwamba sikio lililokufa hujitungia sauti zake, kama vile mguu uliokatwa unavyowasha. Rhona alimwitikia kwa adabu. Lakini alijiuliza: mimi sijui kutunga hata barua, wimbo mzuri hivi nimeutoa wapi?

Jumapili moja ya Novemba kulikuwa na onyesho la mchana, lile ambalo hata watoto wa shule huruhusiwa kuingia. Bendi ya kwanza ilitoka mji wa Greenock: Mirren, miaka kumi na saba, mwimbaji na mpiga gitaa, na kaka yake Torquil kwenye ngoma. Amplifaya yao ilikuwa kuukuu, ya babu yao, na wakati wa kupima sauti ilivuma kama nyuki ndani ya kopo.

"Huo mvumo mtauondoa," Rhona aliwaambia, "au mtapiga bila gitaa."

"Sawa, bibi mkubwa!" Torquil alijibu.

"Bibi mkubwa ni mama yako."

Aliporudi na chai yake, mvumo ulikuwa umeisha kabisa. Hakuuliza umeishaje.

Walipiga nyimbo nne za kelele, Mirren akiimba mbali na maiki kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto. Watu walirukaruka, jasho likatiririka ukutani. Kisha akajipangusa uso.

"Huu wa mwisho tumeutunga juzi, gari letu likiwa limeharibika njiani. Hakuna aliyewahi kuusikia."

Gitaa likaanza taratibu. Kiganja cha Rhona kikaganda mezani. Wimbo ule uliokuwa ukimjia kushoto miezi miwili, sasa ulikuwa unaingia kulia.

Ubeti wa kwanza. Alimtazama Lachie, naye alikuwa kwenye kaunta akitikisa kichwa kwa furaha. Ubeti wa pili. Rhona alijiambia, nikizima bila sababu, kazi yangu imekwisha leo. Nitamwambia nini? Kwamba sikio lisilosikia limenionya? Jukwaani, Mirren alishusha sauti. Vidole vyake vilikuwa juu ya nyuzi, na midomo yake ikaanza kuisogelea maiki.

"Nisubirini—"

Rhona alivuta swichi kuu ya umeme iliyokuwa kando yake.

Giza. Kimya. Maji yalidondoka kutoka kwenye dari. Kisha kelele: "Bibi amelala juu ya swichi!" "Lipeni umeme!"

Lachie alifika na tochi. "Rho! Umefanya nini?"

"Msichana aweke gitaa chini. Asiguse kitu. Mtu yeyote asiguse kitu!"

Gitaa likawekwa sakafuni. Umeme ukarudishwa, na Rhona akapanda jukwaani na testa yake, bisibisi ile yenye kitaa kidogo ndani. Akaigusisha kwenye nyuzi za gitaa. Ikawaka nyekundu.

Waliokuwa mbele wakarudi nyuma.

"Mliuondoaje ule mvumo?" aliuliza.

Torquil alitazama viatu vyake. "Tulikata waya wa erthi kwenye plagi. Kila mtu hufanya hivyo."

"Waya huo ndio unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Angegusa maiki kwa mdomo," Rhona alisema, "umeme wote ungetoka kwenye nyuzi, upite mwilini mwake hadi kwenye maiki."

Mirren alijishika midomo. Lachie alimgeukia Rhona. "Ulijuaje?"

"Sikujua. Lachie, sikio langu la kushoto limekufa mwaka wa pili huu. Fanya utakavyo."

Lachie alizima tochi yake. Kisha akavuta kiti, akakiweka upande wa kushoto wa mtambo, akakikalia. "Spika ya huku nitakusikilizia mimi. Haya, funga hiyo plagi."

Waya ukafungwa, testa ikakataa kuwaka, na Mirren akaomba arudie ule wimbo. Alipofika kwenye mnong'ono, ukumbi mzima ulibana pumzi. "Nisubirini," aliimba, midomo ikiwa juu ya maiki, akaendelea, na Rhona akausikia ubeti wa tatu kwa mara ya kwanza. Ulikuwa mzuri kuliko zile mbili.

Lakini aliusikia kulia tu. Kushoto, wimbo ulikatika palepale kama siku zote. Tap. Maji yakadondoka. Safari hii mambo hayakuishia hapo: kulikuwa na miguu inayokimbia kwenye mbao, halafu mwanamke akaanza kuita, "Mirren! Mirren!"

Rhona aliitambua sauti hiyo. Ilikuwa yake mwenyewe, kutoka Jumapili ambayo hakuivuta swichi.