Kambi ya Watu Wenye Sauti Kubwa

Usiniulize kwa nini niliondoka Moba asubuhi ile. Niliamka, nikafunga begi langu, nikashuka bandarini. Nimeishi hivyo tangu nilipoacha shule ningali mdogo: Kabalo kwa wapakiaji wa treni, Moba kwa wavuvi, na vijiji vingi ambavyo majina yake yananichanganya siku hizi. Kila mahali nimeuliza maswali mengi, na kila mahali mwenye nyumba amechoka na sauti yangu. Maana mimi, rafiki yangu, nasema kwa nguvu. Nikitoa salamu ya asubuhi, watu wa ng'ambo ya barabara huitikia.

Bandarini mama mmoja muuza mawese alinisikia nikiuliza boti inaelekea wapi. Akacheka. "Weye ni mutoto wa kambi ya vitambaa, kule Kalemie. Hakuna pahali pengine watu wanasema hivyo."

Kisha akanipa habari. Kiwanda chetu cha zamani cha vitambaa kinatengenezwa upya. Mashine hazirudi, wanaweka vijana wa kompyuta, mafundi, maduka, na vyumba vya kupangisha. "Na wenye walizaliwa kambini njo watapewa vyumba wa kwanza," alisema, kwa ile "njo" ya kwetu ambayo kwenu ni "ndio".

Nikapanda boti. Miguu yangu imeanza kuchoka, na kwa mara ya kwanza nilitaka chumba ambacho sitakihama.

Utotoni mwangu kambi ya wafanyakazi ilikuwa nyuma ya kiwanda, nyumba za matofali zilizoshikana mabega, kila moja na kijibustani chake mbele. Baba alikuwa kwenye ukumbi wa mashine za kufumia. Ukumbi ule ulinguruma mchana na usiku. Ukiweka kiganja ukutani ulisikia ukuta unahema kama ubavu wa mbuzi aliyekimbizwa. Baba alirudi nyumbani na nyuzi nyeupe kwenye nyusi na kope, akinuka mafuta ya mashine, na bibi, mama yake, alimkalisha uani akamtoa nyuzi moja moja huku sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ikichemka. Mabaki ya pamba yaliyotupwa nilitumwa mimi kuyaokota. Bibi aliyashindilia kwenye mito, na mpaka leo sijalalia mto mzuri kama ile.

Ila masikio ya baba yalikuwa yamebaki kazini. Ukimwambia neno kwa sauti ya kawaida, alikutazama mdomo akatabasamu tu. Na wanaume wote wa kambi walikuwa hivyo. Basi wake zao wakazoea kupaza sauti, na sisi watoto tukajifunza kusema tukidhani kusema ndiko huko. Bibi alisali kwa sauti ya kuamsha mstari mzima. Siku moja nilimuuliza kama Mungu hasikii vizuri. "Anasikia," alisema, "lakini baba yako naye anapaswa kujua Amina iko wapi."

Siri hatukuwa nazo. Jirani yetu, mama mnene aliyependa kuimba akiosha masufuria, akimwambia mume wake kwamba suruali imepasuka nyuma, kambi nzima ilijua suruali ipi na imepasuka kiasi gani. Waliokuwa na siri ya kweli, yaani wachumba, walikwenda kusimama chini ya ukuta wa ukumbi. Huko waliambiana mambo yao kwa kupiga kelele sikioni, na mngurumo ukafunika kila kitu. Tulipita tukawaona midomo inafunguka tu, kama samaki ndani ya ndoo.

Nje ya kambi tulichekwa. Sokoni wauza ndagala walituambia, "Hawa samaki hawana masikio, munawapigia kelele ya nini?" Nilipoanza kusoma kwa sauti darasani, darasa la jirani lilinyamaza kusikiliza, na mwalimu akasema ninasomea madarasa mawili kwa mpigo. Watoto walicheka wiki nzima. Shule ilianza kunichosha hapo, ingawa maswali hayakunichosha kamwe.

Halafu mashine zikasimama. Hatukuambiwa kitu cha kueleweka. Nakumbuka tulitoka nje sote, tukatazamana, kama watu waliosikia mlio, kumbe tulichosikia ni kukosekana kwa mlio. Watoto wachanga walikataa kulala. Mezani baba akasema, "Chumvi!" kwa ile sauti yake ya siku zote, na kwa mara ya kwanza tukasikia ilivyokuwa kubwa. Bibi akamsogezea chumvi, akamjibu kwa sauti ileile. Hakutaka abaki peke yake.

Niliposhuka kwenye boti Kalemie, nilikwenda moja kwa moja kiwandani. Sikutarajia kupapenda, lakini nilipapenda. Ukumbi una mabati mapya na mwanga unaingia kutoka juu. Mahali pa mashine kuna meza ndefu na vijana wameinamia kompyuta. Uani kuna fundi wa kushona, duka la dawa, mtu anayetengeneza simu. Msichana mmoja alikuwa akijaribu sanduku la kukaushia ndagala kwa jua ili mvua isiwaharibu. Nikaanza kumuuliza: moshi? nzi? usiku je? Vichwa vyote vikainuka.

Kijana wa biro, yaani ofisi yao, akaja kwa adabu. "Papa, samahani. Hapa tunasema polepole, sauti chini."

Nilimweleza nilikozaliwa. Akafurahi kweli, akanipeleka ghorofani, palipokuwa stoo ya pamba. Chumba kidogo, kitanda, dirisha linalotazama ziwa. Kilikuwa kile chumba, rafiki yangu. Nilikwisha kuona mahali pa kutundika koti.

"Chumba unacho, Papa," alisema. "Shida ni sauti. Chini wanafanya kazi, na pembeni wanalala."

"Hii njo sauti yangu."

"Utazoea tu. Mama wa chai alizoea."

Tuliposhuka ukumbini nikamwona: mama wa chai alikuwa yule jirani yetu aliyeimba akiosha masufuria. Amepungua mwili, lakini nilimjua kwa namna anavyobeba birika mbali na tumbo. Alinishika mikono yote miwili. Midomo yake ilicheza, nami sikusikia kitu.

"Mama, unasema nini?"

Akaniinamia. "Nasema umezeeka, weye mutoto wa kelele."

"Wamekufunga mdomo?"

"Aa-a. Hawa watoto ni wazuri. Mujukuu wangu njo ule, mwenye shati la kijani. Anasoma kompyuta, na miye nauza chai." Akatazama meza, pale mashine ya mume wake iliposimama. "Ningepiga kelele kwa nani? Mwenye nilikuwa namupigia kelele alishakwenda."

Tulikunywa chai. Nilijaribu kusema kama yeye, na kila neno lilitoka kana kwamba naomba mkopo. Akacheka mpaka akajifunika mdomo kwa kitenge. Hata kicheko chake hakikuwa na sauti. Kijana wa biro nilimshukuru na kumwambia chumba ampe mwingine wa kambi. Hakuna aliyenikosea. Ukumbi umepata maisha mengine, na ni heri hivyo kuliko popo na kutu. Lakini ile sauti, ambayo watu wazima waliitwaa kwa ajili ya masikio ya wenzao wakatuachia sisi bila kutueleza, haina tena nyumba Kalemie. Tukiisha sisi, imeisha.

Kesho yake nikapata boti ya kwenda kaskazini, nikashuka Kabimba kwa sababu watu walikuwa wanashuka. Sikuwahi kufika huko kabla. Nilifuata njia yenye vumbi jeupe, nikauliza penye chumba, wakanionyesha nyumba karibu na mahali wanapovunja mawe ya kutengeneza saruji. Mama mwenye nyumba alikuwa anapepeta unga wa muhogo. Nilikuwa bado nimebeba adabu ya jana. Nikamwomba chumba kwa sauti ndogo.

"Ati?"

Nikarudia, ndogo vilevile.

"Papa, paza sauti!" alisema, akielekeza ungo kule kwenye mngurumo. "Hapa kuna mashine! Mume wangu yuko kule, masikio yalishakwisha. Unataka nini?"

Nikavuta pumzi. "Nataka chumba!"

"Kiko! Unakula ndagala?"

"Nakula!"

Na kutoka nyumba ya tatu sauti ya mwanamume ikajibu, "Mama, basi na miye munigawie, nimesikia yote!"