Poda ya Mara ya Pili

Kwetu Kisangani, mtu akipita mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari humwagiwa poda nyeupe, ile ile ya watoto wachanga: kichwani, shingoni, mpaka kwenye nyusi. Hana haja ya kutembea na karatasi ya matokeo. Watu wakimwona barabarani wanapiga vigelegele bila kuuliza neno. Mimi nimemwagiwa poda mara mbili maishani, na ile ya kwanza haikuwa yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Majina ya waliopita yalibandikwa kwenye ukuta wa shule. Nikayasoma kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu, nikidhani pengine nikianzia upande ule nitajikuta. Sikujikuta. Nikageuka niende zangu. Getini wenzangu wa darasa walikuwa wanammwagia poda kila anayetoka, maana hakuna aliyefikiri kwamba mtu aliyeanguka angethubutu kupita pale mbele. Kopo karibu zima likaishia kichwani mwangu.

Ningeweza kunawa. Nyumba yetu ilikuwa Lubunga, ng'ambo ya mto, na mto Kongo wote ulikuwa hapo pembeni ya mtumbwi. Sikunawa. Nilijiambia nitasema nikifika. Lakini wanawake waliokuwa wakiuza chikwangi, ile mikate ya muhogo, ukingoni waliniona kabla hatujatia nanga, na habari ikanitangulia nyumbani. Nilipoingia uani, mama alikuwa amekwisha kumchinja kuku wake wa mayai, na hakuwa na mwingine. Mtu atasema nini mbele ya kuku aliyekwisha kuchinjwa? Nilipewa paja, nikala. Lilikuwa tamu, na hilo linaniudhi hadi leo.

Husemwa kwamba njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikwenda miaka ishirini na minne. Tonton, mdogo wa marehemu baba, alinichukua dukani kwake karibu na soko kuu, duka la vipuri vya baiskeli, na mtu anayetafuta mnyororo au pedali haombi kuona diploma ya muuzaji. Alipozeeka aliniachia duka, likakua. Nikajenga upande huu wa mto, nikaoa. Nikachaguliwa kwenye kamati ya wazazi ya shule ya wanangu kwa sababu, walisema, inahitaji mtu aliyesoma. Kila mwaka matokeo yakitoka, ni mimi niliyeitwa kuwamwagia poda watoto wa mtaa. Nilikuwa na mkono mzuri kwa kazi hiyo.

Kwa macho ya watu nilikuwa nimefika. Wala sikuwa na huzuni. Nilikuwa na kero tu, kama changarawe ndani ya kiatu: unatembea, unasalimiana, unacheka, nayo ipo. Mwaka mmoja, baada ya kumwagia poda mtoto wa saba au wa nane, nikasema moyoni basi, imetosha. Nikaenda kujiandikisha kama autodidacte, yaani mtahiniwa aliyejisomea mwenyewe bila shule.

Mke wangu ndiye mtu wa kwanza kuusikia ukweli. Aliendelea kuchambua pondu, majani ya muhogo ya mboga. Hakukasirika kwamba nilimdanganya. Alishangaa kwamba nataka kuhangaika.

“Mais papa, batu bote banajua uko na diplome. Unatafuta ingine ya nini?”

Nilimwambia wanajua wote isipokuwa mimi. Akasema hayo ni maneno ya mtu aliyeshiba. Pengine alikuwa na haki.

Nilisoma alfajiri dukani, kati ya matairi, kabla ya kufungua. Kifaransa kilinirudia upesi, hesabu zilinikataa. Siku ya mtihani nilivaa shati jeupe na suruali ya buluu kama wengine, na mvi zangu juu. Watoto walisimama kunisalimia wakidhani mimi ni msimamizi, na mwalimu mmoja aliniuliza nimepangiwa chumba gani. Nilipokaa kwenye dawati magoti hayakuingia. Binti wa jirani yangu aliniona, kisha akainamia karatasi yake kwa adabu kubwa mno. Niliona haya, sitaficha. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Nilianguka. Mwaka uliofuata nikaanguka tena. Binti yule hakumwambia mtu, au alisema na hawakumsadiki. Mke wangu alianza kuamka kabla yangu kuniwekea chai.

Mwaka wa tatu ujumbe uliingia kwenye simu nikiwa nanyoosha gurudumu. Hamsini na moja kwa mia. Mpaka wa kupita ni hamsini. Nilisoma mara nne. Nilifurahi, furaha ya kweli, na papo hapo nikaona ugumu wake: nani atammwagia poda mtu ambaye mji mzima unajua alikwisha kumwagiwa?

Nikanunua kopo, nikavuka kwenda Lubunga. Mama alikuwa barazani akipepeta mchele. Nikamweleza yote, tangu ukuta wa shule hadi simu. Hakuuliza nimepata ngapi.

“Donc kuku yangu ile ilikufaka bure.”

Nikasema ndiyo, alikufa bure, nikaomba msamaha. Mama alikuwa amekasirika. Kisha akalichukua kopo, akajaribu kulifungua, vidole vikashindwa, nikamfungulia.

“Inama, papa.”

Alimwaga kidogo tu, kama mtu anayetia chumvi. Iliyobaki alisema ataitunza mpaka nimletee kuku.

Wakati wa kurudi, mtumbwi ulijaa. Mwanamke aliyekaa mbele yangu na beseni la samaki alizitazama nywele zangu, akatabasamu, akauliza ni mtoto wangu yupi amepita. Mpiga kasia aligeuka asikie. Ananunua vipuri kwangu. Ningeweza kutaja mtoto yeyote. Na maji yalikuwa hapo pembeni, kama siku ile.

“Haiko mutoto, mama,” nikasema. “Ni mimi.”