Ufunguo Niliomwachia Jirani

Kwetu Uvira, mpangaji aliyerudisha ufunguo amehama. Unaweza kufunga duka miezi, ukaenda kulima Mutarule, bidhaa zikala vumbi, lakini ufunguo ukiwa kwako duka ni lako. Mwenye nyumba akithubutu kuvunja mlango, mtaa mzima utamshukia. Ukisharudisha, kwisha habari yako.

Ndiyo maana mwenye nyumba alipotuletea hadithi yake ya kubomoa kuta na kuweka duka moja kubwa, lenye vioo na friji, tulimcheka. Maduka mengine ya barabara ile yalikuwa yameshafungwa: fundi saa, muuza viatu, yule wa daftari za shule. Tulibaki mimi na vitenge vyangu, na jirani yangu wa sabuni na mafuta. Nilimwita yaya, yaani dada mkubwa, kwa sababu ni mkubwa kwangu, na ndiye aliyenifundisha kuuza.

"Ufunguo wangu hataupata," aliniambia. "Na wako?"

"Wangu pia."

Tukapeana mkono, tukala samaki wetu, mukeke wa kuchoma. Mimi sina shamba, sina bwana. Watoto wangu walikuwa wanakula kutoka duka lile, na yaya alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Kisha mama yangu akafa, kule Bwegera. Katika maduka yetu, mwenye msiba humwachia jirani ufunguo. Jirani anakuuzia, ziwa likipanda anakunyanyulia mizigo, na ukirudi unakuta kila kitu mahali pake. Kukataa kuuacha ni kumwita mwenzako mwizi. Nilimpa yaya ufunguo nikiwa tayari juu ya pikipiki.

Alikuja matangani. Alileta sukari na sabuni, akalala nasi kwenye mikeka, akasugua masufuria. Alilia kuliko wadogo zangu.

"Duka iko salama," aliniambia. "Weye lia mama yako."

Nikalia, mjinga mimi.

Niliporudi, ukuta kati ya duka lake na langu haukuwepo. Mafundi walikuwa wanachanganya saruji pale nilipokuwa nakunjia vitenge. Vitenge vyenyewe vilikuwa barazani kwa mwenye nyumba, vimefungwa vizuri ndani ya shuka. Nilidhani amevunja mlango. Nikamtukana mbele ya watu, nikamtukania na ukoo wake, na watu wakaanza kusogea upande wangu. Yeye akaniangalia bila hasira.

"Mama, minye sikuvunja kitu. Yaya yako aliniletea funguo zote mbili."

"Lini?"

"Mbele ya kwenda kwa matanga. Alisema mulisikilizana."

Watu wakatawanyika. Ufunguo ulikuwa umerudishwa, nani angenitetea? Nilikaa juu ya vitenge vyangu, nikamkumbuka yaya anavyosugua masufuria ya mama yangu. Kumbe alipokuwa ananikumbatia mbele ya kaburi, alikuwa ameshaniuza. Mpaka leo sijui machozi yale alikuwa anamlilia nani.

Siku hizi vitenge navibeba kichwani, Kavimvira mpaka Mulongwe, nikipiga hodi kwa watu. Wateja wangu wa zamani wananiambia pole, kisha wanaingia duka kubwa. Mimi nilikuwa naapa kwamba mguu wangu hautakanyaga mule.

Juzi mvua ilinikuta pale pale mbele ya duka hilo, mvua ile ya milimani isiyokupa nafasi ya kukimbia. Kitenge kikilowa rangi inatoka, na ule ulikuwa mzigo wangu wote. Nikameza kiapo changu, nikaingia. Yaya alikuwa amesimama mlangoni, amevaa shati lenye jina la duka. Ndiyo kazi aliyoipata kwa funguo zile. Aliangalia mzigo, hakuangalia uso wangu.

"Mama, mizigo inabaki inje."

"Yaya, ni minye."

"Naona ni weye," alisema. "Mizigo inabaki inje."

Nikavitwika tena, nikatoka navyo kwenye mvua.