Kibanja Alichokikata Avelina

Mimi ni wifi yake Avelina, tena wifi wa kweli, yule anayefunua sufuria na kuuliza nani katia chumvi hivi. Kwa hiyo nisemayo hapa siyasemi kwa kumpendelea. Huku kwetu Biharamulo, kwenye kitongoji kilichopakana na pori, wapo bado wanaomwita mwanamke aliyekata kibanja cha mumewe, shamba la migomba la nyumbani, mwenyewe akiwa hai. Na kweli alikikata. Nilikuwepo, na nililia kwa sauti, maana migomba ile aliipanda baba yangu.

Alikuja kuolewa kwetu akitokea Bugarama, kule Ngara. Msichana mrefu, maneno machache. Maneno yalikuwa ya kaka yangu Emilian. Emilian alitengeneza rubisi, pombe yetu ya ndizi, na sikumbuki harusi wala msiba wa hapa usiokunywa pombe yake. Kukanyaga ndizi kwenye mtumbwi wa kukamulia ni kazi ya wanaume, naye aliikanyaga akiimba nyimbo za kututania sisi dada zake. Kisha kiharusi kikamwangusha humo humo mtumbwini. Kilimwachia mkono mmoja, nusu ya ulimi na akili yake yote. Miguu ilikufa.

Watoto wao walikuwa wameshakwenda mijini kutafuta maisha. Avelina akaishika kazi ya mumewe. Watu walinong'ona, mwanamke gani anapanda mtumbwini? Nami nilinong'ona, tena si kidogo. Yeye alimgeuza mumewe kitandani asubuhi na jioni asipate vidonda, akamlisha uji, akamfuta mdomo, halafu akakunja khanga magotini akaenda kukanyaga ndizi. Emilian alikuwa mtu wa mwili, na kumgeuza kulikuwa kazi ya kuvunja mgongo. Ukimpa pole, Avelina alijibu kwamba tembo hashindwi na mkonga wake. Jamani, angejua yanayokuja angetafuta methali nyingine.

Tembo tulikuwa tunawasikia tu. Walikaa huko ndani ya hifadhi na sisi tulikaa huku. Miaka hii wameanza kutoka, mara mahindi ya huyu, mara mihogo ya yule, na sisi tuliona ni balaa la watu wenye mashamba kandokando ya pori. Nyumba ya Emilian ilikuwa katikati ya kibanja, migomba imeizunguka pande zote mpaka majani yanagusa bati. Nani angefikiri tembo atafika hapo?

Lakini kulikuwa na shimo. Kwetu ndizi za pombe hukatwa mbichi, zikafukiwa shimoni na majani ya migomba na moto kidogo, zikakaa humo mpaka ziive. Shimo la nyumba ile lilichimbwa na baba, nyuma ya jiko, ukutani kabisa mwa chumba alimolala Emilian. Shimo huwekwa karibu na nyumba ili mwizi asilifikie, na ili harufu yenyewe ikuambie kwamba ndizi ziko tayari. Harufu ile ni tamu, ilikuwa inaingia hadi kitandani, na Emilian ndiye aliyekuwa anamwambia mkewe, "Mama Jovitha, zimeiva, fukua." Sisi sote tulidhani harufu inaishia hapo.

Asubuhi moja, kabla jua halijapanda, Avelina alikwenda kisimani. Mimi nilikuwa njiani napeleka maziwa kwa kaka yangu nikasikia watu wanapiga kelele, tembo, tembo, tembo kwa Emilian! Sitadanganya, niligeuka nikakimbia kuelekea barabarani pamoja na wenzangu, maziwa yakamwagika yote. Hapo nikakutana na Avelina anakimbia kuelekea tulikotoka. Ndoo alishaitupa.

"Wifi, utakufa!" nikamwambia.

"Yuko peke yake," akasema, akapita.

Hakuweza kufika. Tembo alikuwa amesimama kati yake na mlango. Alijibanza kwenye mibuni, amejiziba mdomo kwa khanga, akamtazama mnyama anafukua shimo na kula mkungu mmoja baada ya mwingine, na kila alipogeuka mwili wake ulisukuma ukuta. Jiko lilianguka. Ukuta wa chumba ukapasuka kutoka juu hadi chini. Aliposhiba akajiondokea taratibu, hana habari na mtu. Tulipoingia tulimkuta Emilian amefunikwa na udongo, macho wazi.

"Nilimsikia anapumua," alituambia kwa ule ulimi wake mzito. "Nikawa namngoja aingie." Kisha akalia, na mimi sikuwahi kumwona kaka yangu analia tangu tumzike mama.

Askari wa wanyamapori walikuja wakatukusanya. Walitufundisha vizuri, siwezi kuwasema vibaya. Vitu vilivyoiva visikae karibu na nyumba. Machicha ya pombe yafukiwe mbali. Mahindi na chumvi visilale jikoni. Mzungushe kamba yenye vitambaa vilivyochovywa kwenye pilipili na oili chafu. Mkimwona, msimrushie mawe, msimsogelee kumpiga picha, msisimame kwenye njia yake. Ondokeni mapema, mkimbie.

Avelina alinyoosha mkono. "Na asiyeweza kukimbia?"

Askari mmoja kijana akasema, "Huyo, mama, ni lazima tembo asifike kabisa alipo."

Basi maneno hayo ndiyo yaliyomwingia. Alifukia shimo la baba. Mtumbwi akampa jirani, akaacha pombe, akaanza kulima maharage ya kuuza. Kamba ya pilipili akaizungusha mwenyewe, akapiga chafya mpaka macho yakavimba. Tukasema sawa, sasa imetosha. Yeye akasimama mlangoni anaitazama migomba, mikungu imening'inia hapo mbele ya dirisha la mumewe, mingine inaanza kuwa ya njano. Siku iliyofuata akachukua panga.

Nyinyi wa mbali labda hamjui migomba ni nini kwetu. Nyumba yenye migomba ina mwenyewe. Mtu akizaliwa, kitovu chake kiko pale, na akifa tunamlaza pale, chini ya majani. Ukitaka kumwambia mtu kwamba ukoo wake umekwisha, mkatie migomba. Adui ndiye anayekata migomba. Sasa huyu ni mke wa mtu, anakata ya kwake, tena mchana kweupe! Nilimkuta ameshalaza safu nzima ya upande wa jiko, maji ya migomba yanamchuruzika mikononi.

"Wee Avelina, umerogwa?" nikapiga kelele. "Hiyo ni migomba ya baba yangu!"

"Najua," akasema, na panga likashuka tena.

Nilikimbia kumwita mzee Sostenes, kaka yake marehemu baba, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo. Akaja na wanaume wengine wa kwetu, amekasirika, anapiga fimbo chini. Avelina alipomwona aliweka panga chini, akapiga magoti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Inuka uniambie ni nani kakutuma kuua kibanja cha watu."

"Baba, ninyi mko wengi na mna nguvu," akasema Avelina. "Ingieni ndani mumbebe mwanenu, mkimbie naye mpaka barabarani. Mkifika naye kabla sijahesabu migomba iliyobaki, siikati tena. Nitawaomba msamaha mbele ya kanisa."

Kukataa kungekuwa aibu kwa wanaume, wakaingia. Walileta machela. Walimnyanyua Emilian, akapiga yowe maana walimshika ubavuni penye maumivu. Wakamweka, machela haikupita mlangoni. Wakaiinamisha upande, akaanza kuteleza, wakamrudisha. Mmoja akasema tumtoe kwanza ndipo machela, mwingine akasema hapana, kila mtu akawa bosi. Walipomfikisha uani walikuwa wanahema, mmoja amejikwaa kwenye mgomba uliolala, na kaka yangu amejikojolea, anaficha uso kwa ule mkono wake mmoja mbele ya wadogo zake.

Avelina alimfunika khanga yake. Hakupandisha sauti.

"Tembo ameshafika, baba," akasema. "Ameshafika zamani."

Na hapo, kutoka kwenye machela, Emilian akasema. Ilibidi tuiname kumsikia.

"Kata, Mama Jovitha. Kata yote."

Nililia mimi, akalia na mzee, na yule mwanamke akaokota panga. Alikata mpaka jioni, na siku nyingi baadaye aling'oa mashina kwa jembe yasichipue. Nyumba ikabaki uchi katikati ya uwanja wa udongo mwekundu, inaonekana kutoka barabarani kama jino lililobaki peke yake. Mimi sikumsemesha hadi mvua za vuli. Na msamaha sijaomba mpaka leo, maana migomba ilikuwa ya baba yangu, na hilo halibadiliki.

Wapo waliokuja kumsema waziwazi. Yeye aliwajibu kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, akaendelea na kupalilia.

Tembo walirudi. Ilikuwa saa za kuchota maji ya jioni, jua bado lipo, nami nilikuwa nimeshaanza kupita pale tena, namlisha Emilian uji. Tuliwaona dirishani wakitoka bondeni, wakubwa na wadogo. Yesu na Maria! Nikataka kukimbia. Avelina alinishika bega akanikalisha, akafunga mlango polepole, akazima redio, akaja kukaa kitandani upande wa ukutani, kati ya ukuta na mumewe. Niliisikia miguu yao, na matumbo yao yanavyounguruma. Mkubwa mmoja alifika kwenye kamba, akanyoosha mkonga, akanusa, akapuliza pumzi kwa nguvu. Alisimama muda akiutazama ule uwanja mtupu. Halafu akageuka, na wenzake wakamfuata wakashuka kwa jirani, ambako waliivuruga migomba yote na kubomoa banda. Watu wa kule walikimbia, wakapona, kwa sababu walikuwa na miguu.

Nilimtazama kaka yangu. Machozi yalikuwa yanamtoka, na nusu ya mdomo inacheka.

"Esperansia," akaniambia, "mgeni kaja kwangu kakosa hata ndizi. Aibu gani hii?"

Tulicheka sote watatu mpaka uji ukamwagika. Avelina alicheka hadi akakaa sakafuni, na alipomaliza hakuweza kuinuka, nikamvuta mkono.

Emilian aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Alikufa kitandani kwake, asubuhi, ameshanyolewa ndevu, mkewe amemshika mkono. Hakuna mnyama aliyemgusa na hakuna kidonda mgongoni mwake. Hilo nalisema kwa sauti popote, hata kwa wasiompenda.

Tatizo likawa kaburi. Mzee Sostenes alisimama uani na waombolezaji, akauangalia ule udongo mtupu, akasema kwa upole kwamba mtu wa ukoo wetu halazwi juani kama mpita njia. Twende tukamlaze kwenye kibanja cha mdogo wake, kule kuna migomba. Wengi wakaitikia. Mimi nami niliitikia.

Avelina alitoka ndani. Alikuwa hajalia bado, tangu asubuhi.

"Mtamlaza hapa," akasema. "Na mwenye miche ya migomba akailete leo, kabla hatujamfukia. Nataka ipandwe kumzunguka, ya kupika na ya pombe, karibu karibu."

"Na tembo, mwanangu?" mzee akauliza.

"Waje tu, baba. Niliikata kwa sababu hawezi kukimbia." Akashika nguzo ya mlango. "Sasa hana haja ya kukimbia tena."

Ndipo akalia. Alilia kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. Wanawake wakamshika, na mimi nikachukua jembe nikaenda nyumbani kwangu kuchimbua miche.