Dada Miwani na Mkono wa Kuazima

Saa moja na nusu asubuhi, mgonjwa wa kwanza bado hajafika. Dada Miwani amepiga magoti, anabandika mkanda mwekundu kwenye sakafu ya chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya vitanda vibovu. Mkanda unazunguka kiti kimoja. Mgonjwa akiwa ndani ya mkanda yuko salama, akitoka nje atagonga ukuta asiouona.

"Mtu akishavaa hii anasahau kabisa kama yuko hospitali," anasema, huku akiifuta miwani kwa pamba na spiriti. "Juzi bibi mmoja aliona meza mle ndani, akataka kuiegemea. Meza yenyewe haipo! Nilimdaka kwa mkanda wa gauni."

Miwani hiyo ni nyeusi, nzito, inafunika nusu ya uso. Ukiivaa huoni chumba tena. Unaona ulimwengu wa kompyuta, na ukisogeza mkono wako, mkono wa picha nao unasogea. Wataalamu wanauita uhalisia pepe, wagonjwa wanauita sinema ya mikono. Waliopatwa na kiharusi wanachuma matunda humo, wanapanga vikombe kwenye rafu, na zoezi ambalo kwa kawaida wangechoka nalo baada ya mara kumi wanalirudia mara mia mbili. Muda ukiisha wananung'unika.

Wagonjwa ni kumi na mmoja kwa siku. Miwani ni moja. Mwenye kuwahudumia naye ni mmoja, mama wa watoto wawili, mwaka wa kumi na mbili sasa katika tiba ya viungo.

"Mume wangu ananitania, eti wenzako wanatibu watu, wewe unashinda kwenye gemu," anasema, na kucheka mpaka anashika mbavu.

Lakini ukimuuliza habari za Fundi, kicheko kinakatika.

Fundi ni mshona suti wa miaka hamsini na tisa. Kiharusi kilimkamata upande wa kulia, upande wa mkasi. Siku aliyoletwa, mkono ulikuwa umelala mapajani, na yeye alikuwa akiutazama kama mgeni asiyejulikana ataondoka lini.

"Kushona, mashine inashona," alimwambia Dada Miwani siku hiyohiyo. "Kazi ni kukata. Nirudishie mkono wa mkasi, binti yangu, mengine nitajua mwenyewe."

Sasa, miwani ina kitu kinaitwa msaada. Mgonjwa akiinua mkono kidogo tu, mashine inaweza kuukuza mwendo huo, naye akaona mkono wa picha umepaa hadi kichwani. Lengo ni zuri, ubongo usife moyo. Dada Miwani aliuweka msaada juu kabisa. Hakumwambia Fundi.

"Nilimwona amekata tamaa. Nikasema nimchangamshe kwanza, nitamweleza baadaye." Anatikisa kichwa. "Hiyo baadaye sikuifikia."

Siku ya nne Fundi alikuwa akitoa vikombe kwenye rafu ya juu. Alilia kwa furaha. Alikwenda nyumbani akaita mke, watoto na wajukuu, akakaa kwenye meza yake ya kukatia, akaagiza kitambaa kitandazwe. Akawaambia, tazameni.

Mkono ukainuka kidogo, ukadondoka mezani. Wajukuu wakadhani babu anafanya mzaha, wakacheka.

Hakurudi tena hospitali. Zikapita siku tano, zikapita kumi. Na kiharusi hakimngoji mtu mpaka amalize kununa. Miezi ya mwanzo ndiyo mkono unapoamka kwa urahisi zaidi, na kila wiki inayopotea inauma. Dada Miwani alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Siku ya kumi na nane alipiga moyo konde, akaenda mwenyewe nyumbani kwa Fundi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Fundi hakugeuka.

"Nimekuja kuomba radhi."

"Ulinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mbele ya wajukuu zangu!"

"Ndiyo, baba. Nilikosea."

Hakujitetea, wala hakutaja ubongo wala kompyuta. Aliyeingilia kati ni mke wa Fundi. "Baba watoto, mtoto wa watu amekiri kosa. Au unataka agaregare hapa chini?"

Ndipo Fundi akageuka. "Ule mkono niliouona mle ndani, wangu hasa ulikuwa kiasi gani?"

"Inchi mbili. Uliobaki ulikuwa wa mashine."

Inchi ni lugha ya Fundi, ameizungumza tangu ujana.

"Inchi mbili si kidogo," akasema. "Kwa nini hukunipa hizo mbili? Ningezishukuru."

Jumatatu iliyofuata alikuwa kitini, ndani ya mkanda mwekundu. Tangu hapo hakuna mgonjwa anayevishwa miwani kabla ya kuambiwa, na kuandikiwa ukutani, inchi ngapi ni zake na ngapi ni za kuazima. Mkuu wa idara alihofu watu watavunjika moyo. Miezi miwili sasa, hakuna mgonjwa hata mmoja aliyeacha.

Leo Fundi anaingia saa tatu, shati limepigwa pasi. Hata salamu hazijaisha.

"Ondoa msaada wote," anasema.

"Wote, baba?"

"Wote."

Dada Miwani anaubonyeza hadi sifuri. Ndani ya miwani kuna meza ya kukatia aliyoitengeneza mwenyewe kutokana na picha za meza ya Fundi. Bega linatetemeka, jasho linamtoka mzee wa watu, mkono unapanda, unapanda, unasimama. Dada Miwani anapima kwa futi ya kitambaa.

"Tisa. Zote zako."

Dada Miwani ana ndoto ya miwani ya pili, ya kubeba begani na kuwafuata wasioweza kutoka nyumbani. Barua ya maombi ameiandika mara tatu, na ya nne iko mezani. "Wapo wanaolala tu kwa kukosa wa kuwaleta," anasema. "Hao ndio ninaowataka."

Fundi amevua miwani. Anavitazama vidole vyake, ambavyo bado vimejikunja.

"Na hivi je? Vitafunguka, vishike mkasi? Niambie kweli."

Dada Miwani anavuta pumzi.

"Sijui, baba."

Mzee anainamisha kichwa.

"Haya. Nivalishe tena."